Upo? Nipo: Kwa Mkia, Aliyeogelea Zamu ya Mwisho

Mwaka umezunguka, Mkia, tangu ulipokaa kwenye benchi la mbao kando ya bwawa, taulo begani, ukasema unapumzika kidogo. Tunakungoja mpaka leo. Hatujazoea, na tusidanganyane, hatuna haraka ya kuzoea.

Wengi wanaosoma hapa wanakukumbuka kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ya meno. Mgonjwa akiingia anatetemeka, mkono shavuni, ulikuwa unamwambia, "Ogopa tu, lakini ogopa ukiwa umekaa. Kiti hiki hapa." Wengine wanakujua kwa medali. Wachache ndio wanaojua kwa nini uliitwa Mkia, basi tuwaambie, maana ungekuwepo ungewaambia mwenyewe na kuongeza chumvi.

Mbio zenu zilikuwa za kupokezana, mtindo huru, wasichana wanne, kila mmoja anakwenda na kurudi. Wewe ulikuwa wa nne. Mkia wa timu. Jina lilikuganda mpaka majirani wakaanza kumwita mama yako Mama Mkia, naye akawajibu kutoka nyuma ya cherehani, pini mdomoni, "Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa mkia." Lakini akiitwa aliitika.

Kocha ndiye aliyekuokota. Mchana ni fundi bomba, jioni ni kocha, na anapenda kusema kwamba yeye ndiye mtu pekee mjini anayejua maji yanakotoka na yanakokwenda. Alikuja kutengeneza mabomba shuleni kwenu, akaona mtoto mwenye mikono mirefu isiyo na kazi. Kutoka hapo ukaingia klabu, kutoka klabu ukaingia timu ya taifa, ukasafiri na begi ambalo mama yako alilishona kwa vipande vya mapazia. Ulirudi na medali. Ulidhani mama yako ataziweka kwenye kabati la kioo. Alizitumia kukandamizia kitambaa kisiteleze anapokata, akasema hajawahi kupata vyuma vizuri namna hiyo.

Sasa, kwenye maji hakuna kijiti. Kijiti ni mkono. Kiganja cha anayekuja lazima kiguse ukuta kwanza, ndipo miguu ya anayeondoka iachane na kibao cha kurukia. Ukitangulia hata kwa kufumba na kufumbua, timu nzima inafutwa.

Na wewe ulitangulia. Yalikuwa mashindano makubwa kuliko yote mliyowahi kufika. Mlimaliza wa kwanza, mkakumbatiana majini, mkapiga kelele, halafu mwamuzi akaja na sura ya mtu aliyekuja kukata umeme. Jokofu, aliyeogelea zamu ya tatu, alikuwa bado hajafika ukutani wakati miguu yako imeshapaa. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyetoa neno, mpaka ulipotoa kichwa kwenye kofia ya sweta ukasema, "Jamani, angalau katika kufutwa tumekuwa wa kwanza." Walicheka mpaka dereva akasimamisha basi kuuliza kuna nini. Halafu ukalia njia nzima iliyobaki.

Tangu hapo hukutangulia tena, na nyumba nzima ilijua kwa nini. Ulichukua kigoda cha mama yako ukakiweka koridoni, ukapanda, vidole vya miguu vimekunjwa ukingoni, ukangoja. Yeyote anayepita alitakiwa apige ukuta kwa kiganja. Pa! Ndipo unaruka. Baba yako akirudi na gari la kusambazia mikate, kabla hajavua viatu: pa! Fundi wa televisheni aliupiga kwa heshima zote, akidhani ndivyo watu wanavyosalimiana hapa. Mdogo wako wa kike, Kitinda, ambaye utani kwake ni kama kupumua, alikuwa analeta kiganja mpaka karibu kabisa na ukuta, halafu anajikuna kichwa. Ukidanganyika ukaruka, anatangaza kwa sauti ya mwamuzi, "Umefutwa, dada. Chukua taulo lako urudi nyumbani."

Ni wewe pia uliyeanzisha ule mtindo wa kuogopa kwa zamu. Kabla ya mbio mnainamisha vichwa pamoja, wanne, na kila mmoja anataja woga wake. Jokofu: "Naogopa kofia itachomoka." Bi Harusi, mchumba wa mtu miaka nenda rudi: "Namwogopa yule wa njia ya tano, ana mabega kama mlango wa ghala." Mwalimu, anayefundisha chekechea, kila mara alikuwa na woga mpya. Wewe ulikuwa na uleule: "Naogopa kutangulia." Na kila mmoja akishataja wake, wengine wanajibu, "Tumepokea." Basi. Hakuna kumwambia mtu asiogope.

Siku ile Kitinda ndiye aliyekuwa nawe kwenye benchi. Mazoezi yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa umegusa ukuta, umetoka, umekaa. Yeye alishika miwani yako ya kuogelea na alikuwa anakutania kuhusu vidole vyako vya miguu, kwamba vimekunjika jumla, kama vya kuku aliyelala juu ya kamba. Hukujibu. Akadhani umenuna, akaongeza kwamba ndiyo maana huolewi, utamkwaruza mtoto wa watu. Hukujibu. Akasema, "Dada, jibu basi, nimechoka kujichekesha mwenyewe."

Ndipo taulo likateleza begani.

Kocha na mlinzi wa bwawa walifanya kila walichofundishwa. Daktari alituambia baadaye kwamba ulikuwa ni moyo, kasoro ya mapigo uliyozaliwa nayo na isiyokuwa na dalili. Tunaliandika hapa wazi kwa sababu wapo wanaosema ulizama. Hukuzama. Hujawahi kuzama.

Lakini woga hausikilizi maelezo ya daktari, Mkia. Ulihamia kwetu na virago vyake vyote. Maji ya bafuni yakikatika ghafla, nyumba nzima inasimama, kijiko kinabaki hewani. Kisha mama yako anakwenda mlangoni, anaupiga kwa kiganja, kwa kile kiganja cha koridoni. Pa! "Upo?" Na aliye ndani lazima ajibu, "Nipo!" Akichelewa, mlango unapigwa tena, na sauti inabadilika. Baba yako aliwahi kujibu akiwa na sabuni machoni, "Nipo, Mama Mkia! Nipo, na nitakuwepo mpaka nisuuze!" Tulicheka kidogo. Kisha kila mmoja akakumbuka anachokicheka.

Tulianza kujishika kupima mapigo. Baba yako anatazama taarifa ya habari huku vidole viwili viko kwenye kifundo cha mkono. Mama yako anapima nguo ya mteja, mkono mwingine uko kifuani pake mwenyewe. Ungetuona ungesema tumeibiwa pochi.

Kitinda ndiye aliyeumia zaidi, na ndiye aliyenyamaza. Aliacha utani. Mtu akikawia kumjibu hata kwa kutafuna, anamkazia macho, rangi inamtoka. Mwenzake alisinzia darasani juu ya dawati, Kitinda akamtikisa na kumpigia kelele usoni mpaka mwalimu wa hesabu akaangusha chaki. Na uso wake alianza kuufuta kwa kitambaa kibichi badala ya kunawa, maana hakuweza tena kuyaacha maji yakapita puani na mdomoni. Yeye, aliyekuwa anaongoza mbio za vijana klabuni. Bwawa alilisikia masikioni kila alipofumba macho, na ndani ya sauti ile alisikia mtu ambaye hajibu.

Daktari wa moyo alitupima wote, mmoja baada ya mwingine, tumelala na nyaya zimebandikwa kifuani kama redio zinazosubiri fundi. Kwa Kitinda alitabasamu. "Moyo wako mzima kabisa. Nenda kaogelee."

"Na wa dada yake ulikuwaje?" mama yako akauliza.

"Wa dada yake haukuwahi kupimwa, mama."

Mama yako akafunga mkoba. Tulipofika nyumbani alichukua vazi la kuogelea la Kitinda, akalitia kwenye droo ya cherehani, akafunga, ufunguo akauweka kifuani.

Wenzako walikuja kutusalimia, Jokofu, Bi Harusi na Mwalimu, wakakaa kwenye kochi wamebanana, na bado pakabaki pengo la mtu. Baada ya maongezi ya huku na kule walisema lililowaleta. Wamebaki watatu, na watatu si timu. Mashindano ya klabu yakipita bila wao, timu yenu inavunjwa, na ile zamu ya nne haina mwenyewe tena. Walikuwa wanamwomba Kitinda.

"Mama, hatumtaki kwa sababu ni mdogo wake," alisema Jokofu. "Tunamtaka kwa sababu ana kasi."

"Kasi ya kwenda wapi?"

Jokofu, ambaye jina lake limetokana na kutoonekana hata siku moja akitetemeka, aliinamisha uso.

"Mimi sitaki," Kitinda alisema kutoka koridoni. Wote waligeuka. "Mama asisumbuke kunikataza. Sitaki. Naogopa."

Hapo ndipo kila mtu wa nyumbani alipofungua mdomo kumwambia asiogope. Mwalimu aliwahi. Alimwambia kwa sauti ileile anayotumia kwa watoto wake wadogo, bila kuipamba, "Tumepokea." Na Bi Harusi: "Tumepokea." Jokofu akaitikia kwa kichwa.

Kitinda alibaki amesimama pale koridoni, kwenye ukuta ulioachwa alama za viganja na kila aliyeupiga. Tangu uondoke, woga wake ulikuwa umeambiwa utapita, umeambiwa una moyo mzima, umeambiwa ule vizuri. Hakuna aliyekuwa ameupokea.

Siku iliyofuata baada ya shule alikwenda bwawani, akakaa kwenye benchi lile. Mwishoni kabisa. Upande wako aliuacha. Kocha alipita na kisanduku chake cha spana, akamwona, akajifanya hajamwona, akaenda kupiga kelele kwa watoto ambao hawakuwa na kosa lolote. Siku nyingine Kitinda alivua viatu. Nyingine akaingia na kaptula mpaka kiunoni, akasimama ameshika ukingo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika gari linaloondoka.

"Maji haya nimeyafunga mimi mwenyewe," Kocha alimwambia kutoka juu. "Hayaendi popote. Una muda."

"Siyaogopi maji, Kocha. Naogopa nikiinua kichwa nikute kuna mtu hajibu."

Kocha hakuwa na spana ya hilo. Alichuchumaa, akakaa hapohapo na suruali yake ya kazi, miguu ndani ya maji na viatu vyake, akasema, "Zamisha kichwa. Ukikiinua, mimi nitasema 'nipo.' Ukizamisha mara mia nitasema mara mia. Sina kazi nyingine." Alikuwa nayo, kuna mteja wake aliyekuwa amefurikiwa na maji jikoni.

Nyumbani mama yako alinusa. Fundi cherehani macho yake yanaona uzi, pua yake inaona kila kitu.

"Nywele zinanuka dawa ya bwawa."

"Ndiyo, mama."

"Umeingiza kichwa?"

"Bado."

"Usiingize."

Wiki nyingine tena, mlangoni hapohapo: "Umeingiza?"

"Kidogo."

Mama yako akatafuta kigoda, akakaa. Hakumkaripia. Aliomba maji ya kunywa, akayatazama glasini, akarudisha bila kunywa.

Asubuhi ya mashindano Kitinda alikuta vazi lake la kuogelea kwenye kiti, droo iko wazi. Mikanda ya mabega ilikuwa imeshonwa upya, mara mbili, mara tatu, kwa uzi wa kushonea viti vya magari, kana kwamba ni mkanda wa bega ndio uliokuchukua. Alimgeukia mama yako.

"Mimi siji," mama yako alisema, mguu uko juu ya kanyagio. "Nina magauni ya watu."

Bwawa lilijaa kelele, filimbi na ule unyevu unaoganda kwenye nguo. Baba yako alikaa vitini juu kabisa, vidole viwili kifundoni. Wale wanne waliinamisha vichwa. Jokofu: kofia. Bi Harusi alitafuta mwenye mabega. Mwalimu: "Naogopa nitamwona yeye pale juu ya kibao." Wakamngoja Kitinda.

"Naogopa kufa," alisema.

Kelele zote za bwawa zikawa mbali. Sisi tunajua kwa sababu Jokofu alituhadithia, na alipofika hapo alishika meza. Kisha wakasema, watatu kwa pamoja, "Tumepokea."

Bi Harusi alianza, Mwalimu akafuata, Jokofu akaingia wa tatu na kuwapita wawili. Kitinda alipanda kwenye kibao chako. Alikunja vidole vya miguu ukingoni, akavitazama, na akaviona ni vyako, vya kuku juu ya kamba, na hapo kila kitu mwilini mwake kikafunga. Hakusikia tena. Alimwona Jokofu anakuja, mkono unainuka, unashuka, kiganja kinagusa ukuta.

Hakuondoka.

Waogeleaji wa njia nyingine walikuwa wameshapasua maji. Jokofu, ananing'inia ukutani, alimtazama kutoka chini bila pumzi ya kusema. Watu vitini walikuwa wanapiga kelele, "Ruka! Ruka!" na kila aliyepiga kelele alizidi kumgandisha. Baba yako alisimama akakaa. Sisi tuliokuwa naye tulikuwa tunamtazama msichana aliyesimama wima, mikono mbele, na hatukuona kifua chake kikipanda wala kushuka. Mkia, hatujawahi kuogopa namna ile tangu siku yako. Wote tulikuwa na neno moja kooni na hakuna aliyeweza kulitoa.

Pa!

Ilitoka chini, upande wa mlango wa kubadilishia nguo. Mama yako alikuwa amesimama pale na aproni yake, pini zimejaa kifuani, utepe wa kupimia shingoni, kiganja kipo ukutani. Hatujui alikuwa hapo tangu lini. Aliupiga ukuta tena kwa nguvu zake zote.

Pa! "Upo?"

Na Kitinda, bila kugeuka, kwa sauti iliyopasuka katikati: "Nipo!"

Akaruka.

Hatutawadanganya wasomaji. Walimaliza wa mwisho, tena wa mwisho peke yao, wengine wameshavaa taulo. Mama yako alitembea kando ya bwawa sambamba naye, kwenda na kurudi, na viatu vyake vya nyumbani, mwamuzi anamwambia haruhusiwi, yeye anamjibu, "Mwanangu yuko humo." Kila Kitinda alipogeuza uso kuvuta pumzi alimwona. Alipogusa ukuta, mama yako alikuwa amepiga magoti hapohapo.

"Umechelewa," alimwambia, akimvuta kwa mkanda wa bega. Mkanda haukukatika.

"Lakini sikutangulia, mama."

Matokeo yalisomwa. Ya nane kati ya timu nane, na jina lenu likiwa ndani. Timu ipo. Zamu ya nne ina mwenyewe. Kitinda alitoka kwenye maji akitetemeka meno, akakaa kwenye benchi, safari hii katikati, akasema kwa sauti ya mwamuzi, "Dada yangu aliitwa Mkia kwa heshima tu. Mkia wenyewe ndio huu." Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu uondoke. Baba yako alicheka huku anafuta pua kwa karatasi ya kufungia mikate.

Woga haujaondoka, usije ukadhani tumepona. Maji yakikatika bafuni bado tunasimama. Kitinda bado anajishika shingo kabla ya kupanda kwenye kibao, na mama yako bado huja na aproni yake na kusimama ukutani, hataki kiti. Tunaogopa tu, lakini sasa tunaogopa kwa zamu, na mwenzako akitaja wake unajua la kujibu.

Ukuta wa koridoni, ule wa kuelekea chumbani kwako, baba yako amekataa usipakwe rangi. Viganja vyote viko pale, na cha fundi wa televisheni kimo. Kila anayepita bado anaupiga. Hatusikii mtu akiruka. Tunapiga ili popote ulipo ukingoni, vidole vimekunjwa, ujue kwamba tuliokuwa nyuma yako bado tunakuja, na kwamba hakuna anayekuharakisha.

Unakumbukwa na baba yako wa mikate, mama yako wa cherehani aliyezaa mtoto asizae mkia, kaka yako aliyeandika haya kwa niaba ya nyumba nzima, mdogo wako Kitinda aliyeshika zamu yako, bibi yako anayekuombea kwa jina lako lote, wajomba na shangazi zako, Kocha, na wenzako watatu: Jokofu, Bi Harusi na Mwalimu.

Pa! Daima tutakugusia ukuta.